Jivu Kwenye Chupa za Uwera

Watu wa maabara wanasema kosa lilikuwa la jivu. Uongo! Jivu halina mikono. Mikono ni hii yangu, mimi Miriamu, mjane wa Karekezi, mama yake Uwera, na mwenye kutaka kulaumu anilaumu mimi. Nakasirika haraka, najua. Hata kanisani kwetu Nakivale wananiweka karibu na mlango, ili nikianza kubishana na wazee nitoke bila kukanyaga watu. Lakini hili nitalisema polepole, tangu mwanzo, na nitalisema kwa Kiswahili, maana nikilisema kwa lugha yetu ya nyumbani nitalia kabla sijafika katikati.

Sisi ni watu wa ng'ombe, wa milima ya juu ya Kivu Kusini, upande wa Minembwe. Vita vilitutoa kule na ng'ombe wakabaki. Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, tulipewa shamba dogo, na mume wangu Karekezi, ambaye tangu azaliwe alikuwa hajagusa jembe ila kulisogeza njiani, alilima mwaka mmoja akashindwa. Akaenda Endiinzi kuchunga ng'ombe wa watu. Kila Jumamosi alirudi na maziwa, ananuka ng'ombe, anaimba nyimbo za kwaya kabla hajafika mlangoni. Nilikuwa mwanamke mwenye furaha na sikujua.

Kule Endiinzi wachungaji wa ng'ombe hupuliza dawa ya kupe. Unabeba bomba mgongoni, unapuliza mnyama mmoja mmoja. Kupe wa siku hizi wamekuwa sugu, hawafi, basi watu wakaanza kuchanganya dawa ya kupe na dawa ya nyanya, kila mmoja kwa akili yake. Jumamosi moja bomba la Karekezi lilivuja. Lilimlowesha mgongo asubuhi nzima, naye akadhani ni jasho. Alifika nyumbani saa tisa mchana na maziwa yake mkononi, mate yanamtoka, macho yamekuwa madogo kama ya kuku, mikono inacheza. Alinikuta nyuma ya nyumba naosha vyombo vya maziwa. Nilimlaza. Alikuwa anatetemeka, nikamfunika blanketi. Nikampa maziwa anywe, kwa sababu kwetu aliyekula sumu hupewa maziwa. Majirani wakaja kumwombea. Jua lilipoanza kushuka tulimpandisha boda kumpeleka kituo cha afya, amekaa katikati, dereva mbele, mimi nyuma nimemkumbatia, na kabla hatujafika nilisikia uzito wake umebadilika mikononi mwangu.

Uwera alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikimbia nyuma ya ile boda mpaka ikamwacha.

Kuanzia hapo mtoto huyo alisoma, jamani. Alisoma kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Alipata msaada wa masomo wa wakimbizi, akaingia chuo kimoja pale Mbarara, akamaliza, akaambiwa aendelee na shahada ya pili. Tukapanga chumba Nyamityobora, mtaa wa mle mle Mbarara, yeye na mimi, na shamba la Nakivale nikamwachia jirani. Siku moja akarudi kutoka chuoni, akakaa kwenye kitanda bila kuvua viatu.

"Mama, niko natengeneza kitu ya kuvunja ile sumu."

"Ipi?"

"Ile iliua Papa."

Nikaacha kukoroga ugali. Akanieleza, na kwa sababu mimi si mtu wa kuelewa haraka, alinieleza siku nyingi, kila jioni kidogo kidogo. Alisema protini ni uzi mrefu wa shanga. Ukizipanga shanga vizuri, uzi unajikunja wenyewe na kupata umbo, na umbo ndilo linalofanya kazi.

"Zile za mwili, Mungu njo alizipanga," aliniambia. "Hii yangu haijakuwako mu dunia. Nimeichora mimi, mu kompyuta. Katikati nimeacha kitundu, na mu kitundu kuna vidole tatu vinashika punje moja ya zinki."

"Zinki gani?"

"Ile ile ya mabati, Mama."

Nilicheka mpaka mama wa chumba cha pili akachungulia. Bati ndani ya nyama! Lakini Uwera hakucheka. Aliniambia hata kwenye damu yangu zinki imo, na chuma kimo, na damu ni nyekundu kwa sababu ya hicho chuma. Punje yake ya zinki ingeshika tone la maji, tone dogo ambalo hata jicho la darubini halilioni, na tone hilo lingekuwa kali kama wembe. Sumu ikiingia kwenye kitundu, inakatwa katikati. Ikishakatwa haiui tena mtu. Ungeweza kuipaka kwenye ngozi ya mchungaji, alisema. Siku moja, Mungu akipenda, ungeweza hata kumpa mtu ambaye sumu imeshamwingia.

Alichora michoro mamia kwa mamia. Kompyuta ikaikataa karibu yote. Alibaki na ishirini, mbegu zake zikaagizwa ng'ambo, akaziweka ndani ya vijidudu vya kuzikuza, akavilea kwenye chupa za joto zinazotikiswa mchana kutwa. Nyingine ziliganda kama maziwa yaliyoharibika. Nyingine zilikataa kushika zinki. Ya kumi na saba ilishika. Akaiita K-17. Mwalimu wake, Dokta Barigye, alidhani K ni ya kemia. Mimi sikumwambia mtu, ila nilijua ni ya Karekezi.

Sasa nije kwenye chupa.

Uwera ndiye aliyeniombea kazi pale maabara. Tulikuwa waoshaji wawili, mimi na Adélaïde, mwanamke wa Uvira, Mkatoliki, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Ukutani kulikuwa na karatasi ya sheria: sabuni ya maabara, kisha maji ya bomba, kisha maji safi ya mtungi mara tatu. Niliijua ile karatasi. Nisije nikasema sikuambiwa.

Uwera alikuwa na chupa ndogo ishirini na nne ambazo alizitia alama kwa rangi yake nyekundu ya kucha. Hizo zilikuwa za K-17 peke yake, zisichanganywe na kazi za wengine. Kupima kwenyewe kulikuwa hivi: hakutumia sumu yenyewe, alitumia mdogo wa ile sumu, dawa isiyo kali sana, ambayo ikikatwa inatoa rangi ya manjano. Anaimwaga kwenye chupa nyekundu zenye K-17. Kando anapanga chupa za kawaida za maabara, zisizo na K-17, za kushuhudia tu. Za kando zikibaki kama maji na nyekundu zikageuka manjano, basi K-17 imekata.

Chupa za kawaida aliosha Adélaïde. Nyekundu niliosha mimi. Nani mwingine angegusa vyombo vya mtoto wangu?

Kwa mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, chombo cha maziwa hakikuishia kwenye sabuni. Sabuni inaacha harufu na maziwa yanakataa. Alinifundisha nilipoingia kwake, nikiwa msichana mwenye kiburi: ukishaosha, chukua jivu la kuni ngumu, lichekeche kwa kitambaa, lilowanishe, sugua ndani mpaka chombo kilie chini ya kidole. Kisha mwaga, lakini usisuuze sana. Acha kikauke, upanguse kwa kitambaa kikavu. Lile jivu jembamba linalobaki, ambalo jicho halioni, ndilo linalolinda maziwa. Miaka thelathini nimeosha hivyo na hakuna maziwa yangu yaliyowahi kuharibika.

Basi nilipoona chupa za Uwera, za kioo, zina ukungu kidogo baada ya sabuni ya maabara, roho yangu ilikataa. Niliwaza, hiki ndicho chombo atakachotilia damu ya miaka yake, halafu kiwe na ukungu? Nikaleta jivu kutoka kwenye mbabula yangu, lile jiko dogo la Nyamityobora, nilikuwa nachoma kuni za mkaratusi siku hizo, nikalichekecha, nikaliweka kwenye kopo la majani ya chai chini ya sinki. Baada ya sabuni, baada ya maji ya mtungi mara tatu kama karatasi inavyotaka, nikaongeza ya kwangu. Ziling'aa! Adélaïde alipita akasema, "Weye Miriamu, unaosha sawa vile unangoja bwana-arusi." Nikamwambia aende zake.

Wiki ile ile chupa nyekundu ziligeuka manjano.

Sijawahi kuona mtu akilia kwa rangi. Uwera alikaa chini kwenye sakafu, kitini kulimshinda. Dokta Barigye, Mnyankore mnene mwenye heshima zake, alikuja na miwani imekaa upande, akatazama chupa, akatazama zile za kushuhudia ambazo zilikuwa kama maji, akanigeukia mimi na Kiswahili chake cha jeshi.

"Mama Uwera, hii mutoto yako ni mukali sana. Mukali!"

Akasema mwezi wa sita watakuja watu wanaolipia utafiti. Wakiona kwa macho yao K-17 inakata, Uwera atapewa miaka minne ya kusomea udokta pale pale Mbarara, na K-17 itapelekwa Endiinzi ijaribiwe kwenye mikono ya wachungaji. Wasipoona, nafasi atapewa mtu mwingine, na Uwera atarudi Nakivale, kwenye shamba letu la mahindi. Hilo lilieleweka na kila mmoja wetu. Tukaenda nyumbani nikamchinjia kuku.

Mwezi wa nne niliitwa Nakivale kwenye kuhakiki wakimbizi, wanakuhesabu, wanakupiga picha, wanaangalia kadi ya chakula. Nilikaa siku kumi kwenye foleni. Adélaïde aliosha chupa zote. Niliporudi nilimkuta Uwera amekonda.

"Haifanye tena kazi, Mama. Mara tatu nimepima. Iko kama maji tu."

Alidhani amekuza vibaya. Akamwaga yote, akaanza upya. Mimi nikaosha chupa. Manjano! Tukamshukuru Mungu kwa magoti. Halafu nikaumwa malaria siku nne, Adélaïde akashika zamu yangu, na chupa zikakataa tena. Nilipopona zikakubali. Uwera alinikumbatia pale kwenye sinki, mikono yangu imejaa povu.

"Mama, weye njo baraka yangu. Ukiwa hapa inafanya, ukienda inakataa. Usiende tena fasi yoyote."

Alikuwa anacheka. Nami nilicheka. Alipotoka nikainama kuchukua kopo la chai chini ya sinki, nikalifungua, na mkono wangu ukasimama ndani ya jivu.

Sikusoma mimi, ila si mjinga. Nilikuwa nimemsikia jioni ngapi akiniambia uchafu kidogo tu unaweza kudanganya, kwamba maji yenye magadi yanakata ile dawa yenyewe, bila protini, na kutoa rangi. Magadi ni nini kama si maji ya jivu? Mama yangu alipikia maharage nayo. Niliosha chupa moja nyekundu kwa sabuni peke yake, ya pili kwa jivu, nikamwomba Uwera amwage ile dawa yake kwenye zote mbili bila K-17. Nilimdanganya kwamba nataka tu kuona inavyofanya kazi. Alikuwa na haraka, akanimwagia, akaenda darasani, na mimi nikasimama pale na mtungi mkononi. Ya sabuni ilibaki kama maji. Ya jivu, polepole, polepole, ikawa manjano.

Nilinyamaza siku tisa. Mimi, Miriamu, ambaye sijawahi kunyamaza hata kwenye mazishi! Niliosha kwa jivu siku zote tisa. Nilijiambia nitaosha kwa jivu mpaka mwezi wa sita, wageni wataona manjano yao, mtoto atapata miaka yake minne, na ndani ya miaka minne mwenye akili kama yake hawezi kukosa kuirekebisha. Nani angejua? Adélaïde hakujali. Nilikuwa nala na nalala. Ndiyo, nalisema wazi, nililala.

Siku ya kumi Ezira akapiga simu. Ezira ni mdogo wa Karekezi. Kaka yake alipokufa alichukua kazi yake kule kule Endiinzi, kwa tajiri yule yule, na tangu siku hiyo nilimlazimisha avae glavu za mpira na koti la plastiki akipuliza dawa. Alikuwa anachukia lile koti kwa sababu ya joto.

"Shemeji! Nimesikia ile mambo ya Uwera. Kumbe ni kweli? Natangaza hapa kwa bachungaji bote."

"Bado, Ezira. Inangoja wageni."

"Itakuja tu. Ile gants na koti nilishamupa mwenzangu Habiyaremye, yeye iko na bitoto. Miye nitapaka ile dawa ya mutoto wetu. Unaona Mungu? Kaka yangu alikufa, na mutoto wake analeta dawa."

Nilimwambia avae koti. Akacheka. Nikapiga kelele, nikamtukana, nikamwambia akamnyang'anye Habiyaremye vile vitu leo hii, sasa hivi. Akasema shemeji una nini leo. Nilikata simu, nikachukua kopo langu, nikaenda ndani ya maabara mahali Uwera alipokuwa ameinama juu ya chupa zake, nikaliweka mezani.

"Hii nini, Mama?"

"Ni K-17 yako."

Nilimweleza yote. Yule mtoto hakupaza sauti, na heri angepaza. Alitia kidole ndani ya kopo, akakisugua na kidole gumba, akatazama.

"Miezi mitano," alisema. "Mama. Miezi mitano."

"Nifukuze."

"Na ulijua tangu lini?"

Nilipomwambia siku tisa alinigeuzia mgongo. Nilimwona mabega yanapanda na kushuka. Nilitaka kumshika na nikaogopa, mimi niliyemzaa. Halafu akavaa glavu mpya, akatoa boksi la chupa mpya ambazo hazijawahi kuoshwa na mtu, akamwita Dokta Barigye. Nikajua anachotafuta. Jivu lilidanganya, sawa, lakini labda chini ya jivu K-17 nayo ilikuwa inakata. Labda kidogo. Tulisimama watatu mbele ya chupa nne. Niliomba kwa nguvu, niliomba kwa jina la Karekezi, nikamwambia Mungu achukue macho yangu lakini ampe huyu mtoto rangi kidogo tu.

Saa moja ilipita. Saa ya pili. Chupa nne zilikuwa kama maji. Dokta Barigye aliitazama mashine ya kupima rangi, akatikisa kichwa.

"Inashika zinki," alisema. "Hiyo ni kweli, inashika. Lakini haikati. Pole, mutoto yangu." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mama, pole. Wengine wangenyamaza tu."

Nilitaka kumwambia nilinyamaza.

Mwezi wa sita wageni walikuja, wakaonyeshwa kazi ya mwanafunzi mwingine, nzuri, ya kweli. Uwera alipewa karatasi yake ya shahada na mkono wa pole. Mimi kazi sikufukuzwa, niliacha mwenyewe. Adélaïde alinisindikiza mpaka barabarani akilia kuliko mimi. Ezira nilihakikisha amepata koti lake.

Jumamosi ya mwisho tulikuwa tunafunga vitu kule Nyamityobora turudi Nakivale. Saa za alasiri, mlango wazi, watoto wa jirani wanacheza nje. Uwera alikuwa anakunja nguo. Tangu siku ile ya kopo alikuwa ananisemesha vizuri, kwa adabu, kama unavyomsemesha mgeni, na hilo liliniuma kuliko matusi. Mimi nilikuwa nakung'uta jivu kutoka kwenye mbabula ili tuibebe. Nikalitazama, na neno ambalo lilikuwa limenikaa kifuani wiki nyingi likanitoka.

"Uwera. Kama jivu inakata sumu. Siku ile ya baba yako, kama ningemupakaa jivu?"

Hakuacha kukunja. "Haingetosha, Mama. Inakata polepole sana."

Nilishusha pumzi. Mtu mwenye akili angeishia hapo. "Basi nini ingetosha?"

"Kitu sawa na K-17, kama ingefanya kazi. Na siku ile haikuwako mu dunia. Hakuna mutu angeweza."

Alisema haraka, kama mtoto anayesoma mstari wa Biblia mbele ya kanisa. Nimemzaa yule. Najua anavyosema uongo, sauti yake inanyooka.

"Niangalie."

Akaniangalia, na uso wake ukavunjika.

"Maji, Mama," alisema. "Maji na sabuni. Kumuvua ile shati na kumuosha, mara tu alipofika. Sumu ilikuwa inaingia mu ngozi saa ile yote, chini ya blanketi. Pengine angepona. Sijue. Pengine."

"Tangu lini unajua?"

"Mwaka wa kwanza wa chuo. Njo kitu ya kwanza banafundisha."

Miaka saba. Miaka saba alikuwa ananijua hivyo, anakula ugali wangu, ananiita baraka yake.

"Na ulininyamazia."

"Nilitaka iwe dawa yenye haikuwako!" Sasa alikuwa analia kwa sauti, nguo imemwanguka mikononi. "Nilitaka niitengeneze, uione na macho yako, useme, kumbe hii njo ilikosekana. Kumbe hakuna mutu angefanya kitu. Nilitaka ulale, Mama. Ni hiyo tu."

Alikuja akaniangukia kifuani, akanishika kama alivyonishika jioni ile ya kituo cha afya, na alikuwa mwanangu tena. Nilimpapasa kichwa na mikono yangu ya jivu. Sikulia. Nilikuwa nimerudi kule Nakivale, nyuma ya nyumba, saa tisa mchana.

Kuna jambo moja sijamwambia Uwera, na sitamwambia, ameshabeba ya kutosha. Karekezi alipofika siku ile aliniomba maji ya kuoga. Alisema mgongo unamwaka. Nyumbani kulikuwa na bidoni mbili za maji, zimejaa, nimezibeba mwenyewe asubuhi kutoka bombani. Nilimwambia angoje, yale ni ya vyombo, maziwa aliyokuja nayo yasingengoja. Akasema sawa, akaenda kulala. Nilimfunika, nikampa maziwa, majirani wakaingia kuomba, na wakati wanaomba mimi nilirudi nyuma ya nyumba. Nilitumia bidoni zote mbili. Niliosha kila chombo kwa jivu, nikavipanga kwenye jua, na viling'aa.